Kaunda na kufuli la mwaka 1978



Kila rais mstaafu anapotangaza kwamba anarudi kugombea, hakosekani mtu wa kutukumbusha Kenneth Kaunda wa Zambia, mzee aliyetaka kurudi Ikulu akafungiwa mlango. Hutajwa kama mtu aliyeonewa. Na kweli alionewa. Lakini leo naomba tuseme na lile lisilosemwa: kuonewa kwake hakukuwa sababu ya kumrudisha.

Najua sisi Watanzania tunapata shida kumsema Kaunda, maana tulimhesabu mtu wa nyumbani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, aliihangaikia pamoja na Mwalimu Nyerere mpaka Wachina wakakubali kuijenga. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata makao Zambia, na Wazambia wakalipa kwa mabomu ya jeshi la Smith. Hayo hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini Mzambia aliyepiga kura tarehe 31 Oktoba 1991 hakuwa akiipigia kura reli. Alikuwa akifikiria unga. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, nchi ikabaki kukopa, na Juni 1990 serikali ilipopandisha bei ya unga wa mahindi zaidi ya maradufu, watu waliingia barabarani Lusaka na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata Frederick Chiluba akapata karibu kura tatu katika kila nne. Kaunda alikubali kushindwa akaondoka, baada ya miaka 27. Wakati ule, katika bara letu, hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Laiti angeishia hapo. Mwaka 1992 aliachia uongozi wa chama chake cha UNIP, akaupokea Kebby Musokotwane, mtu wa miaka arobaini na ushei aliyewahi kuwa waziri mkuu. Ilikuwa nafasi ya chama kujifunza kutembea bila mzee. Chama hakikupewa muda. Mwaka 1994 Kaunda akatangaza kwamba anarudi, na Juni 1995 akakaa tena kwenye kiti cha UNIP.

Aliyoyalalamikia yalikuwa kweli. Serikali ya Chiluba ilikuwa ikiuza mashirika ya umma, Shirika la Ndege la Zambia lilifungwa Desemba 1994, wafanyakazi wakaachishwa kazi kwa maelfu, na minong'ono ya rushwa ikawafuata mawaziri. Lakini jirani akiunguza wali, hilo si ushahidi kwamba wewe unajua kupika. Kaunda alikuwa na miaka 27 ya kuonyesha dawa yake. Aliyeisubiri dawa hiyo kwenye foleni ya unga alikuwa na haki ya kumuuliza: mzee, safari hii una nini kipya?

Swali hilo halikupata nafasi ya kujibiwa kwenye sanduku la kura, na hapo ndipo Chiluba alipokosea vibaya. Katiba ilibadilishwa mwaka 1996, ikatakiwa kwamba wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, yaani Malawi. Yeye mwenyewe alizaliwa Chinsali, kaskazini mwa Zambia, mwaka 1924. Ilikuwa sheria iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja. UNIP ikasusia uchaguzi wa Novemba 1996 na Chiluba akapita kwa raha zake.

Sasa, kabla hatujamlilia mzee, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978, enzi za chama kimoja, Simon Kapwepwe na Harry Nkumbula walitaka kugombea urais dhidi yake. Kanuni za UNIP zikabadilishwa, mojawapo ikitaka mgombea awe mwanachama kwa miaka mitano. Wote wawili wakaenguliwa, Kaunda akabaki peke yake. Kapwepwe huyo aliwahi kuwa makamu wa rais, na mwaka 1972 aliwekwa kizuizini. Chiluba naye, akiwa kiongozi wa wafanyakazi, aliwekwa ndani mwaka 1981. Kufuli la mwaka 1996 halikuagizwa kutoka nje. Lilikuwa la humo humo nyumbani, limebadilisha mkono tu.

Mkuki kwa nguruwe, wasemavyo wazee. Ila mimi simhurumii sana nguruwe huyu wala mwindaji wake. Ninayemhurumia ni mpiga kura wa Kitwe au Ndola, ambaye mara mbili alichaguliwa nani asimchague.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Kaunda alikamatwa siku ya Krismasi mwaka 1997, baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba, akaachiwa Juni 1998. Mwaka 2000 aliacha siasa. Alipofariki tarehe 17 Juni 2021, akiwa na miaka 97, taifa zima lilimlilia, na ilistahili.

UNIP haikupata kilio kama hicho. Mwaka 2001 ilimsimamisha Tilyenji, mwanawe Kaunda, akashika nafasi ya nne kwa takriban asilimia 10 ya kura. Mwaka 2011 akasimama tena. Safari hiyo hakufikisha hata asilimia moja.