Usiogope Sahani: Maumivu na Chakula Baada ya Kuundiwa Kifuko cha Utumbo

Leo tunazungumza na waliotolewa utumbo mpana kwa sababu ya vidonda visivyopona, au vinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Daktari hukunja mwisho wa utumbo mwembamba, akaushona uwe kifuko cha kuhifadhi choo, akauunganisha na njia ya haja kubwa. Madaktari Parks na Nicholls wa London waliueleza upasuaji huu mwaka wa 1978. Kwa kawaida choo hupitia kwanza tundu la tumboni kwa miezi 2 au 3, halafu tundu hufungwa, kifuko kikaanza kazi.

Mwanzoni waweza kwenda choo hata mara 10 au 15 kwa siku, usiku pia. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakaa na njaa ili wasiende choo. Tumbo tupu hujaa hewa na kusokota, na choo hakikomi. Hutoka maji matupu. Tena mshono hauponi bila chakula. Kula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na utafune sana. Wali mweupe, viazi vya kuponda na ndizi mbivu hukifanya choo kiwe kizito.

Najua jamaa watakuja na githeri, wakisema ni ya kutia nguvu. Washukuru, kisha uwape watoto. Kwa wiki 6 hivi, mahindi, njugu, nazi, uyoga na nanasi vyaweza kuziba utumbo ambao bado umevimba. Pilipili nayo huwasha mara mbili: ikiingia na ikitoka.

Utumbo mpana ndio uliokuwa ukifyonza maji na chumvi. Ukiona mkojo mweusi au kizunguzungu, chemsha maji lita 1, yapoe, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa taratibu.

Sasa maumivu. Meza dawa kwa saa ulizoandikiwa. Ukingoja maumivu yapande, kuyashusha ni kazi. Usijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki dukani, kwani zaweza kukiudhi kifuko. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Tembea kidogo kila siku, lakini mtungi wa lita 20 abebe mwingine mpaka daktari akuruhusu. Ngozi ya nyuma ikiwaka moto, nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha upake mafuta mazito ya kujikinga.

Miezi ikipita, wengi hufikia mara 4 hadi 8 kwa siku. Bali tumbo likivimba ukatapika na choo kisitoke, au ukapata homa au damu, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme mapema kwamba una kifuko.