Barua ya Kazi na Akili Mnemba



Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wahitimu wengi wa vyuo vikuu huandikiwa barua za kazi na akili mnemba. Hilo peke yake si kosa: chombo hicho hunyoosha lugha na humzoesha mwombaji maswali ya usaili.

Kosa ni kudai uzoefu wa leja na stakabadhi ghalani ambazo kijana hajapata kuzishika. Msimu wa korosho ukifika, atakayepunjwa ni mkulima wa bonde la Mbwemkuru, wala si mashine.

Basi mhitimu aliyerudi Nachingwea au Ruangwa na ajifunze kwanza ghalani, kisha aandike aliyoyatenda. Naye Katibu, kabla Bodi haijaajiri, ampe leja ailinganishe na stakabadhi.