Hotuba ya Kamati: Maradhi ya Akili Nayo ni Maradhi



Miaka kumi si mchezo. Hesabu za hisa na mikopo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na mweka hazina amezipanga vizuri. Sisi tumepewa nafasi hii tuseme jambo ambalo halimo daftarini: maradhi ya akili.

Wengi wetu tunajua yanavyoingia nyumbani. Mama aliyejifungua juzi anaacha kula na kuzungumza. Kijana hodari shuleni anaanza kusikia sauti. Jamaa wanafunga mlango, majirani wanasema amerogwa, na ng'ombe anauzwa kulipa waganga kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Ndiyo sababu leo tunamtaja Sylvia Kasanga, aliyekuwa seneta mteule wa Kenya kuanzia 2017 hadi 2022. Mwaka wa 2018 alipeleka katika Seneti mswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Hilo si jambo la kupigiwa vigelegele kwenye mikutano ya siasa. Hata hivyo mswada ule ulisukumwa mpaka ukawa sheria, Juni 2022. Miaka minne, akina mama! Sisi wa kuweka shilingi kidogo kidogo tunajua maana ya kutochoka.

Sheria hiyo inasema mgonjwa ni mtu mwenye haki zake. Ana haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, kulindwa asidhulumiwe, na kutobaguliwa na kampuni za bima. Serikali ya kaunti nayo imepewa wajibu wa kutoa matibabu hayo katika vituo vyake na kuyatengea pesa. Yaani isiwe lazima kila mgonjwa apandishwe basi mpaka Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza tangu 1910.

Tena Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Mtu kama huyo anahitaji daktari na watu wa kukaa naye.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Kwanza, kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, twendeni tuulize: dawa za maradhi ya akili zimetengewa pesa ngapi? Kituo chetu cha afya kitapata lini muuguzi aliyesomea kazi hiyo?

Pili, mfuko wetu wa dharura humsaidia aliyelazwa, aliyejifungua na aliyefiwa. Kamati inapendekeza katiba yetu iandike wazi kuwa maradhi ya akili yahesabiwe sawa na malaria au kuvunjika mguu. Na mwanachama akikosa mikutano mitatu, aendewe nyumbani kwanza, faini baadaye.

Tunajua wapo watakaouliza kama pesa zitatosha. Swali hilo ni la haki, na mkutano mkuu utalijadili. Sisi tunasema tu: haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha wote, hata yule aliyefungiwa mlango.