MTOTO ASIYESEMA PIA ANA LA KUSEMA
Mazungumzo kuhusu mtoto mwenye usonji nyumbani

Leo tunazungumza juu ya mtoto mwenye usonji, ambao wengine huuita otizimu, na namna ya kumsaidia kujifunza na kuwasiliana hapo nyumbani.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alileta mwanawe wa miaka miwili kliniki kupimwa uzani. Akaniambia, "Sista, huyu nikimwita hageuki. Alikuwa akisema 'mama' na 'maji', sasa amenyamaza." Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpima mtoto, uzani ukawa mzuri, nikamjibu, "Ngoja tu mama, wavulana huchelewa kusema."

Alirudi mtoto akiwa na miaka minne. Alikuwa amezunguka kwa waganga na kwenye maombi, na mbuzi wawili walikuwa wameuzwa. Mama mkwe alikuwa akisema ukoo wao haujawahi kuwa na mtoto kama huyo. Wageni wakija, mtoto alifungiwa ndani. Kama ningemsikiliza vizuri siku ile ya kwanza, familia hiyo ingeokoa miaka miwili. Ndiyo sababu nasema nanyi leo.

Usonji ni nini? Ni hali ambapo ubongo wa mtoto hukua kwa njia tofauti na ya wengi, tangu mapema sana, na urithi una sehemu kubwa. Mtoto hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu. Hupenda kurudia jambo lile lile, na mara nyingi husumbuliwa na kelele, mwanga au hata kuguswa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021, mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hivyo mama, hauko peke yako.

Usonji si laana wala mapepo. Hauletwi na mama kukosa kumpenda mwanawe. Wala hauletwi na chanjo. Uvumi huo wa chanjo ulienea baada ya makala moja kuchapishwa Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto wengi sana umeonyesha kuwa chanjo haileti usonji. Tafadhali mpeleke mtoto akachanjwe.

Ni dalili gani zikufanye uende kliniki bila kungoja? Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyekuonyesha kitu kwa kidole, au asiyesema hata neno moja. Mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo. Omba pia masikio yake yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia naye huchelewa kusema.

Sasa tuje nyumbani. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayekuuzia dawa hiyo anakula pesa zako bure. Lakini mtoto anaweza kujifunza mengi, na mwalimu wake wa kwanza ni wewe. Huhitaji vifaa vya bei. Dakika tano tano, mara nyingi kwa siku, wakati wa uji, wa kuoga na wa kufua, zinatosha kuanzia.

Kwanza, keti chini mkeka mmoja naye, uso wako ukiwa mbele ya uso wake. Usimshike kidevu kumlazimisha akutazame. Tazama anachocheza nacho. Akiwa anazungusha kifuniko cha sufuria, chukua kifuniko chako nawe uzungushe. Akikuangalia, tabasamu na useme, "Zunguka!" Ingia katika mchezo wake kabla ya kumwita kwenye wako.

Pili, tumia maneno machache. Badala ya "Haya njoo upesi unywe uji kabla haujapoa," sema "Uji," huku ukimwonyesha kikombe. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Sisi wazazi tuna haraka, tunajibu kwa niaba ya mtoto. Yeye anahitaji muda zaidi wa kufikiri. Na sema naye lugha mnayoongea nyumbani kila siku. Lugha ya mama haimdhuru.

Tatu, mpe sababu ya kuomba. Ukijua anapenda ndizi, usimpe nzima. Mpe kipande, ungoje. Shika ndizi mkono mmoja na chapati mkono mwingine, umwache achague. Akinyoosha mkono, akitazama, au akitoa sauti yoyote, hiyo ni kauli. Sema "Ndizi!" na umpe papo hapo. Usimnyime chakula hadi atamke. Tunataka ajue kuwa kuwasiliana kunaleta kitu kizuri.

Nne, tumia vitu na picha. Kabla ya kuoga, mpe sabuni aishike. Kabla ya kutoka, mpe viatu vyake. Kata picha kwenye pakiti ya maziwa au ya biskuti, ubandike ukutani pale anapofikia, umfundishe kukuletea picha ya anachotaka. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamzuia kusema. Hazimzuii, na watoto wengine huanza kutamka baada ya kuzizoea.

Tano, gawanya kazi vipande vidogo. Ukimfundisha kuvaa shati, mvishe wewe hadi libaki kushushwa tumboni tu. Hapo mwachie alivute mwenyewe, umsifu. Akizoea, mwachie pia mkono mmoja. Polepole utarudi nyuma hadi avae peke yake.

Je, akipiga mayowe au kujiuma? Usikimbilie kiboko, wala usimfunge kamba. Jiulize kilichotangulia. Ana njaa? Sikio linamuuma? Redio iko juu? Mmepita njia asiyoizoea? Mara nyingi kelele hizo ndizo maneno yake. Mpeleke mahali patulivu, kaa karibu, ongea kidogo. Ratiba isiyobadilika kila siku humtuliza. Ikibidi kuibadilisha, mwonyeshe mapema: "Kwanza kliniki, halafu nyumbani."

Angalia pia usalama. Wengi wa watoto hawa hutoroka, na maji huwavutia. Funika kisima na pipa, funga lango, na uwajulishe majirani wamjue mtoto. Kifafa nacho huwapata zaidi ya watoto wengine. Ukiona degedege, au macho yamekodoa na hajibu, nenda hospitali.

Kuhusu shule, uliza kituo cha tathmini ya elimu maalum kilicho karibu. Vituo hivi viko chini ya Wizara ya Elimu, na vilianza hapa Kenya mwaka 1984. Watamwangalia mtoto na kukueleza shule inayomfaa. Uliza pia kuhusu kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Na wewe mlezi, usibebe mzigo huu peke yako. Mwonyeshe baba, nyanya na ndugu zake wote njia ile ile, ili mtoto asikutane na sheria tofauti kwa kila mtu. Tafuta mama mwenzako mwenye mtoto kama wako. Ukichoka, mpe mtu unayemwamini amshike kidogo, upumzike.

Yule mama niliyemwambia angoje? Tulianza na kikombe kimoja cha bluu. Kila alipompa mtoto maji, alitumia kikombe hicho na neno moja tu, "Maji." Wiki zilipita bila jibu. Kisha jioni moja, wageni wakiwa sebuleni, mtoto alitoka chumbani na kikombe chake, akakiweka mapajani mwa nyanya yake. Nyanya ndiye aliyeinuka kumtekea maji. Kutoka siku hiyo hakufungiwa tena. Bado hasemi sana, lakini hujaza ndoo, huvaa mwenyewe, na huenda shule.

Mama, ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto wako na nesi akakwambia ungoje, kama nilivyofanya mimi, usirudi nyumbani. Mwambie tena, au uombe kuonana na mwingine. Wewe ndiwe unayemjua mtoto huyo.