Majibu ya Kilosa: azithromaisini na vifo vya watoto wadogo

Tarehe 26 Aprili 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tatu, Niger, Malawi na Tanzania, kati ya Novemba 2014 na Agosti 2017. Vyombo vya habari vya dunia vilishika namba moja: asilimia 13.5. Kwa kiasi hicho vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 vilikuwa vichache zaidi katika jamii zilizopewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, zikilinganishwa na jamii zilizopewa plasebo, yaani dawa ya maji yenye sura na ladha ileile lakini isiyo na kitu ndani. Wachache walisoma hadi kwenye majedwali. Kwa upande wa Tanzania utafiti huo, unaojulikana kwa jina la MORDOR, ulifanyika wilayani Kilosa, na namba ya Kilosa ni nyingine kabisa: asilimia 3.4.

Mada hii inaishughulikia namba hiyo ndogo. Inadai kwamba ina habari nyingi kuliko ile kubwa, na kwamba wenye haki ya kwanza ya kuielewa ni watumishi wa zahanati, wenyeviti wa vitongoji na wazazi wa Kilosa na Mikumi, kwa kuwa ni watoto wao waliohesabiwa.

Kwanza ijulikane kwa nini Kilosa. Wilaya ina majimbo mawili ya uchaguzi, Kilosa na Mikumi, na ina kila aina ya mazingira ambayo mtafiti wa afya angeyatamani, na kila aina ya usumbufu ambao angeukimbia. Kuna mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, miwa upande wa Ruhembe, wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa, na milima ya Wasagara na Wakaguru ambako pikipiki yenyewe huomba kusukumwa. Kuna Mikumi mjini, kwenye barabara kuu ya Iringa na Zambia, mji ambao wageni wanaujua kwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na madereva wa malori wanaujua kwa chakula cha usiku. Kuna mto Mkondoa, uliosomba reli ya kati katika mafuriko ya Januari 2010. Januari 2014, miezi kumi kabla utafiti haujaanza, maji yalikata barabara kuu ya Dodoma eneo la Dumila na Magole.

Sababu ya pili ni vikope, yaani trakoma. Ugonjwa huo, unaokunja kope hadi zikakwaruza jicho na kulipofusha, ulikuwa mzigo mkubwa Dodoma na maeneo jirani, Kilosa ikiwamo. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, iligeuka darasa la dunia la ugonjwa huo tangu miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, kupitia taasisi yake ya macho, Wilmer. Profesa Sheila West wa taasisi hiyo ndiye aliyeongoza pia sehemu ya Kilosa ya utafiti wa MORDOR, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Uratibu wa nchi zote tatu ulikuwa San Francisco, katika Taasisi ya Proctor ya Chuo Kikuu cha California. Fedha zilitoka kwa Wakfu wa Bill na Melinda Gates, na dawa ilitolewa na kampuni ya Pfizer, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa bure dawa hiyohiyo kwa ajili ya vikope.

Wazo la kwamba dawa ya macho inaweza kuokoa uhai halikutoka kwenye maabara. Lilitoka Ethiopia, mkoani Amhara, ambako watafiti wa trakoma waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walikuta kuwa, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 katika jamii zilizogawiwa azithromaisini, uwezekano wa kufa ulikuwa karibu nusu ya ule wa jamii ambazo hazijagawiwa. Lilionekana jambo zuri mno kuaminika. Nchini Tanzania, huko Kongwa, watoto walionekana kuugua kifua kidogo zaidi katika mwezi wa kwanza baada ya ugawaji. Azithromaisini inaua bakteria wengi wa nimonia na wa kuhara, na kwa kiasi fulani inagusa hata kimelea cha malaria. Hao watatu ndio wamezika watoto wengi wa Kiafrika. Lililobaki lilikuwa kupima kwa ukubwa unaostahili.

Na ukubwa ulipatikana. Jamii 1,533 zilipigiwa kura, zikiwa na watoto 190,238 wakati wa hesabu ya kwanza. Kwa Kilosa jamii moja ilikuwa kitongoji. Watoto wote wa kitongoji walipata dawa au wote walipata plasebo, na aliyegawa hakujua anagawa nini, kama ambavyo mama aliyempakata mtoto hakujua. Mtoto anayeweza kusimama aliegemezwa kwenye fimbo yenye mistari. Mstari ulipogusa utosi ndipo iliposomwa idadi ya mililita. Asiyeweza kusimama aliwekwa kwenye mizani. Dawa ilinywewa palepale mbele ya mgawaji, haikupelekwa nyumbani. Kila baada ya miezi sita watu wa sensa walirudi nyumba kwa nyumba kuuliza maswali yaleyale: mtoto fulani yupo, amehama, au amefariki? Anayewafahamu wafugaji wa Parakuyo anajua kuwa swali hilo la katikati peke yake ni kazi ya siku nzima. Kwa nchi zote tatu, wastani wa watoto waliofikiwa ulikuwa asilimia 90.4, kiwango ambacho halmashauri nyingi zingekipokea kwa shangwe.

Sasa matokeo. Niger, katika jamii za plasebo, walikufa watoto 27.5 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka; penye dawa walikufa 22.5. Malawi ilikuwa 9.6 dhidi ya 9.1. Kilosa ilikuwa 5.5 dhidi ya 5.4. Tuchukue watoto elfu kumi na kuwafuatilia mwaka mmoja. Niger dawa ingeokoa kama hamsini. Kilosa ingeokoa mmoja au wawili.

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea njia. Kuna wanaosema dawa ilishindwa Tanzania. Utafiti haukusema hivyo. Ukiangalia mipaka ya makadirio, namba ya Kilosa inaweza kuwa popote kuanzia vifo kuongezeka kwa asilimia 21 hadi kupungua kwa asilimia 23. Kwa lugha ya kawaida, waliofariki walikuwa wachache kiasi kwamba hesabu haikuweza kuamua. Kuna ucheshi mchungu ndani yake: ili mtafiti wa vifo apate jibu lililo wazi anahitaji watoto wafe kwa wingi, na Kilosa haikumpa. Hata tofauti kati ya nchi na nchi, ambayo kwa macho ni kubwa, haikufikia kiwango cha kuthibitika kitakwimu.

Lakini tazama safu ya plasebo peke yake, ambako hakuna aliyepewa chochote. Uwezekano wa mtoto wa vitongoji hivyo vya Niger kufa ulikuwa mara tano ya mtoto wa Kilosa. Hiyo tofauti haikuletwa na chupa ya azithromaisini. Tangu 2013 watoto wa Tanzania wanachanjwa dhidi ya bakteria wa nimonia na dhidi ya virusi vya rota vinavyoharisha. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa kampeni hadi vijijini. Dawa mseto ya malaria ipo zahanati. Wauguzi wanaolalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba kazi yao haionekani, wanaweza kuitazama ile 5.5. Imepimwa na watu wasio na sababu ya kuwapendelea, na imechapwa katika jarida ambalo maprofesa hukesha wakiomba kuingia.

Wakati huohuo kundi hilohilo la watafiti lilipima malaria kwa watoto wa Kilosa ndani ya utafiti huu, na mwaka 2019 likaripoti kuwa ugawaji haukuleta tofauti ya wazi kati ya pande mbili. Jibu la namna hiyo halipati kichwa cha habari, ingawa linafunga mlango ambao vinginevyo ungeendelea kupoteza fedha.

Upo upande wa gharama, na gharama hapa si shilingi tu. Ni usugu. Kule Niger, katika vijiji 30 vilivyochunguzwa kwa karibu, baada ya miaka miwili asilimia 12.3 ya watoto wa upande wa dawa walibeba puani na kooni bakteria wa nimonia sugu kwa kundi hili la dawa, dhidi ya asilimia 2.9 upande wa plasebo. Kongwa ilikwisha kuonyesha mapema kwamba bakteria sugu wa tumboni hupanda ghafla mwezi mmoja baada ya ugawaji wa dawa ya vikope, kisha hushuka taratibu, na baada ya miezi sita bado hawajarudi walikoanzia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halikuruhusu ugawaji kwa kila nchi. Lilisema dawa inaweza kufikiriwa kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11, na tu mahali ambapo vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vinazidi 60 kwa kila vizazi hai 1,000, au vya chini ya miaka mitano vinazidi 80. Tanzania haimo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliweka vifo vya chini ya mwaka mmoja kuwa 33 na vya chini ya miaka mitano kuwa 43.

Habari za Niger hazijaisha. Mwaka 2024 utafiti mwingine mkubwa wa huko, AVENIR, ulionyesha tena upungufu wa asilimia 14 pale watoto wote hadi miezi 59 walipopewa dawa, na kwamba kuwapa wachanga wa chini ya mwaka peke yao hakukutosha kuthibitisha faida. Mwongozo wa 2020 utabidi upitiwe upya. Kwa Kilosa haibadilishi kitu, ila kwa jambo moja: habari za namna hii hufika mapema kwenye kaunta ya duka la dawa kuliko kwenye zahanati. Mikumi, mahali pa kupita watu wa kila aina, azithromaisini si dawa ngeni. Mama aliyesikia redioni kuwa inaokoa watoto hawezi kulaumiwa akiiulizia, na muuzaji wa duka la dawa muhimu anahitaji kuwa na jibu: kilichopimwa ni watoto wote wa jamii kupewa dozi moja kwa wakati mmoja, kwa usimamizi. Utafiti haukupima mtoto mmoja mwenye mafua kununuliwa chupa.

Lipo jingine, na kwa maoni ya mada hii ndilo zito kuliko yote. MORDOR haikumhesabu mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vifo vya chini ya miaka mitano vilikuwa 67 kwa vizazi hai 1,000, na kati ya hivyo 25 vilitokea ndani ya mwezi wa kwanza. Mwaka 2022 jumla ilishuka hadi 43. Vya mwezi wa kwanza vilikuwa 24. Yaani karibu mafanikio yote ya miaka ile yalipatikana kwa watoto waliokwisha kuvuka siku 28, na sasa zaidi ya nusu ya vifo vinatokea kabla mtoto hajafika umri wa kuwekwa kwenye mizani ya mgawaji.

Kwa hao dawa ya kugawa mara mbili kwa mwaka haina la kufanya. Kinachohitajika ni mkunga aliye macho saa tisa usiku, anayeweza kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na kumvuvia hewa asiyelia ndani ya dakika ya kwanza. Mfano upo nchini. Mpango wa Safer Births, ulioongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida lilelile la New England mwaka 2025, ulifanyika katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Watumishi walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, kituoni kwao, bila kwenda semina ya mjini. Vifo vya wachanga katika saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 40, na vya akina mama wakati wa uzazi kwa karibu asilimia 75.

Mkoa wa Morogoro, ilipo Kilosa, haukuwa miongoni mwa mikoa hiyo mitano. Semina inayosikiliza mada hii inaweza kuitaka timu ya afya ya wilaya ianze na wodi mbili za uzazi, moja Kilosa mjini na moja Mikumi, na mazoezi hayo yaingizwe katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri wa mwaka ujao wa fedha, yakiwa na fungu lake na jina la mtu wa kuyasimamia.