Kufika Mbele ya Mungu Mikono Mitupu: Teresia wa Lisieux na Kazi ya Kukubali Kupendwa

Mwezi Oktoba 1895, mseminari mmoja wa Ufaransa aliiandikia barua monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux. Wito wake ulikuwa unayumba, akaomba apewe sista mmoja wa kumwombea. Aliitwa Maurice Bellière. Mama yake alifariki punde baada ya kumzaa, akalelewa na dada wa mama yake. Mama mkuu alimkabidhi kwa Sista Teresia wa Mtoto Yesu, msichana wa miaka 22, ambaye naye alifiwa na mama akiwa na miaka 4.

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu Teresia kwa sanamu yake yenye msalaba na mawaridi. Barua alizomwandikia Bellière ni wachache waliozisoma, na hilo ni la kusikitisha, kwa sababu ndani yake mna mafundisho makini juu ya jambo ambalo waumini hulipita haraka. Kumpenda Mungu kunahubiriwa kila Jumapili. Kuupokea upendo wake hudhaniwa kuwa ni jambo linalokuja lenyewe, bila kufundishwa wala kufanyiwa mazoezi. Mhadhara huu unashikilia kwamba kupokea ndiko kugumu zaidi, na kwamba anayeshindwa kupokea hubaki mbali na Mungu hata akisali usiku kucha.

Ufaransa ya wakati ule ilimwogopa Mungu. Mabaki ya mafundisho makali ya Wajanseni yalikuwa bado yamo vichwani mwa watu, na waumini wengi walijiona hawastahili kukomunika mara kwa mara. Ilibidi Papa Pius X atoe agizo mwaka 1905 la kuwahimiza waumini hata wapokee Ekaristi kila siku. Katika monasteri nako kulikuwa na watawa waliojitoa kwa haki ya Mungu, wakiomba adhabu za wakosefu ziwaangukie wao. Teresia aliwaheshimu kwa ukarimu huo, lakini hakuvutwa na njia yao.

Tarehe 9 Juni 1895, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, alichagua njia nyingine. Alijitoa kwa upendo wenye huruma wa Mungu. Hoja yake ilikuwa kwamba upendo huo umekataliwa kila mahali, unatafuta mioyo ya kumiminika ndani yake na hauipati. Basi yeye angekuwa moyo wa kuupokea. Katika sala ya siku hiyo alisema atafika mbele ya Mungu mikono mitupu, wala hataomba matendo yake yahesabiwe.

Maneno hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Muumini aliyezoea kuhesabu novena, mifungo na sadaka zake anajua jinsi hesabu inavyomtuliza. Mwenye hesabu ana la kusema mbele ya hakimu. Teresia aliyafanya yote yaliyompasa mtawa, sala, kazi na ukimya, ila hakutaka kuyageuza kuwa deni ambalo Mungu angepaswa kumlipa.

Bellière alikuwa mtu wa hesabu hiyo, tena hesabu ya madhambi. Makosa ya ujana wake yalimwandama. Alipopata habari kwamba dada yake wa kiroho anakaribia kufa, aliingiwa na hofu ya ajabu: Teresia akifika mbinguni atayaona maovu yote ya Bellière, na huenda upendo wake kwake ukapungua. Julai 1897, akiwa hoi kwa kifua kikuu, Teresia alimjibu kwa mfano wa watoto wawili waliomuudhi baba yao. Mmoja anakimbia akitetemeka kwa kuwa anajua amestahili adhabu. Mwingine anajitupa mikononi mwa baba, anaungama kosa, anaahidi kujirekebisha, na adhabu anayoiomba ni busu. Baba anajua vizuri kwamba mtoto huyo atakosa tena. Hata hivyo yuko tayari kumsamehe kila mara. Barua ya Agosti iligusa hofu yenyewe: watakatifu wanakumbuka kwamba nao walikuwa dhaifu, kwa hiyo wanawahurumia walio bado njiani.

Asifikiri mtu kwamba aliandika hayo akiwa amejaa faraja. Tangu Pasaka ya 1896 imani yake ilikuwa gizani, na wazo kwamba baada ya kifo hakuna kitu lilimsumbua hadi mwisho. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake akaivaa kifuani. Hapa ndipo mafundisho yake yanapopata uzito. Kupokea, kwake, hakukuwa kuhisi joto moyoni. Kulikuwa kubaki mbele ya Mungu bila kukimbia, hata pale asipomwona. Kurasa za mwisho za daftari la kumbukumbu za maisha yake aliziandika kwa penseli kwa sababu nguvu za kutumia kalamu ya wino zilikuwa zimekwisha. Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24.

Siku hizohizo Bellière alikuwa akivuka bahari kwenda Algiers kujiunga na Mapadri Weupe, shirika lilelile ambalo msafara wake wa kwanza wa Afrika Mashariki ulipitia Bagamoyo mwaka 1878. Alipata upadri mwaka 1901, akatumwa Nyasaland, Malawi ya leo. Hakudumu huko. Alirudi Ufaransa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1907 katika hospitali ya Bon Sauveur mjini Caen, kulekule alikolazwa baba yake Teresia alipougua akili. Kwa vipimo vya kazi, hayo ni maisha ya kushindwa, na mhadhara wa aina hii haupaswi kuyapamba. Lakini Teresia hakuwahi kumwahidi mafanikio.

Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Teresia kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa tatu kupewa hadhi hiyo. Anayetaka kujua kwa nini binti asiyesoma chuo chochote aliwekwa safu moja na Agostino na Toma wa Akwino, aanze na barua hizo za Julai na Agosti 1897, kabla ya kusoma kitabu chochote kilichoandikwa juu yake.