Mlango wa Jiko Usioshika Komeo

(Haya ni maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya wanachama wanaofanya kazi katika majiko ya shule, hospitali na hoteli. Tumeyapiga chapa ili wale waliokuwa zamu siku ile wasiyakose.)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Habari hizo zina siku yake. Leo tumekuja kusema habari za mlango: mlango wa jiko la kuni ambao ukiusukuma unarudi, komeo halishiki, na moto unakutazama usoni.

Wengine watacheka na kusema, je, chama kizima kinakutana kwa ajili ya mlango wa jiko? Basi na wacheke. Kamati yenu imepita katika majiko mengi ikaona kwa macho yake. Mahali pamoja mlango umefungwa kwa waya. Mahali pengine umeegemezwa jiwe. Pengine mpishi anauzuia kwa ukuni, na ukuni wenyewe unashika moto. Na kila mahali tulisikia maneno yale yale. Kuni zikiisha mapema, analaumiwa mpishi. Chakula kikichelewa, ni mpishi. Moshi ukijaa chumbani, ni mpishi. Mwisho mlango ukianguka, bei yake inatafutwa katika mshahara wa mpishi.

Sisi twasema hivi: mlango usioshika una ugonjwa, na ugonjwa huo una mahali pake panapoweza kuonekana. Mara nyingi dawa yake ni ndogo. Na pale ambapo dawa ni kubwa, si juu ya mpishi kuilipia. Tena, mpishi anayeweza kusema, "Bawaba ya chini imelika," hashindwi kwa maneno upesi kama yule anayesema tu, "Mlango ni mbaya."

KWA NINI LAZIMA UFUNGE

Jiko la kuni linapumua kama mtu. Hewa inaingia chini, karibu na mahali pa majivu, inapita katika kuni, na moshi unatoka kwa dohani. Aliyelitengeneza aliweka tundu la hewa lenye kifuniko ili mpishi aukuze moto au aupunguze apendavyo. Lakini mlango ukibaki wazi kidogo, hewa inaingia kwa ufa bila kuomba ruhusa. Mpishi anafunga tundu la chini, na moto haupungui. Kuni zinakwisha upesi, joto linakimbilia dohani badala ya kukaa chini ya sufuria, na chuma kinapata moto kuliko kilivyokusudiwa, kinapinda. Kikishapinda, mlango ndio haufungi kabisa. Ndivyo ubaya unavyozaa ubaya.

Hiyo ni hasara ya mwajiri. Yetu ni kubwa zaidi. Makaa huanguka sakafuni na juu ya miguu. Dohani ikijaa masizi, au upepo ukirudi ndani yake, moshi hutokea mlangoni. Na katika moshi huo mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, naye akadhani ni uchovu wa kazi. Mkiona dalili hizo, hasa zikiwapata watu wawili watatu pamoja, tokeni nje mara moja mpate hewa safi, kisha mtoe habari.

SEHEMU ZA MLANGO

Tupatane kwanza juu ya majina. Mlango unaning'inia kwa bawaba, na ndani ya bawaba mna pini. Upande wa pili kuna komeo. Kile chuma kinachozunguka ukigeuza mkono wa komeo tutakiita ulimi. Pale katika fremu ambapo ulimi huingia na kushikwa, tutapaita mdomo. Majiko mengine, hasa yale ya zamani ya chuma cha kusubu ambacho mafundi hukiita kasti, yana pia kamba iliyolala katika mfereji kuzunguka mlango wote ili kuziba ufa. Majiko mengi makubwa ya shule, yaliyotengenezwa kwa mabamba ya chuma, hayana kamba hiyo. Mlango unalala chuma kwa chuma.

KUPIMA

Pimeni jiko likiwa baridi kabisa na majivu yametolewa. Anzeni na lililo rahisi.

1. Kuni. Msicheke. Mara nyingi mlango ni mzima kabisa, ila kuni ni ndefu kuliko tumbo la jiko. Zinatokeza nje, na mlango unapigwa nazo kila siku mpaka bawaba zinalegea. Kuni zilizokatwa kwa kipimo cha jiko ni nusu ya dawa.

2. Ukingo. Pitisha kidole kuzunguka fremu. Kuni mbichi hutoa moshi wenye lami, na lami hiyo hugandamana pamoja na majivu ikawa ngumu kama jiwe. Punje moja tu karibu na bawaba yatosha kuuzuia ulimi usifike mdomoni.

3. Bawaba. Shika mlango kwa chini uuinue polepole. Ukipanda, na komeo likashika wakati umeuinua, basi ugonjwa si wa komeo. Pini zimelika na mlango umeshuka. Shahidi wake ni alama: paka ulimi chaki, funga polepole, fungua, kisha tazama chaki imegusa wapi. Ikigusa chini ya mdomo, mlango umeshuka.

4. Komeo. Tikisa mkono wake. Ukicheza ovyo, nati imelegea au ulimi umelika.

5. Kamba, kama ipo. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, funga, uivute. Yapasa ivutike kwa shida. Ikitoka bila kuzuiwa, kamba imekufa mahali hapo. Fanya hivyo kuzunguka mlango wote. Lakini kama kamba ni mpya na komeo halifiki kabisa, yaelekea kamba ni nene mno kwa mfereji wake.

6. Kupinda. Laza rula iliyonyoka juu ya mlango, kisha juu ya fremu. Au wakati wa giza weka tochi ndani ya jiko, funga mlango, na utazame mwanga unapenya wapi.

Wengine wametuuliza: mbona asubuhi mlango unashika, na saa sita, jiko likiwa na moto mkali, unakataa? Jibu ni kwamba chuma hukua kikipata joto. Mlango wa sentimita 30, ukipata joto la digrii 300 zaidi ya lile la asubuhi, hurefuka karibu milimita 1. Ni kidogo, lakini kama ulimi ulikuwa ukiingia kwa shida tangu asubuhi, milimita hiyo yatosha kuufungia nje. Kwa hiyo komeo likaze, lakini liachiwe nafasi ndogo.

DAWA

Bawaba iliyoshuka: ondoeni mlango, watu wawili, kwa maana ni mzito. Kama bawaba ni za pini, tieni washa ya chuma katika pini ya chini, moja au mbili, mpaka ulimi uuelekee mdomo. Kama pini yenyewe imelika ikawa nyembamba, washa ni dawa ya siku chache tu; itakiwe pini mpya. Bawaba iliyochomelewa na kukatika ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Komeo lililolegea: kazeni nati kwa spana, lakini mkono uzunguke bila kutumia nguvu. Komeo nyingi zina washa nyuma ya ulimi au nyuma ya mdomo. Kuziondoa au kuziongeza kunauvuta mlango karibu au kuuachilia. Badilisheni moja moja, mkipima kila mara. Ulimi wenye makovu hulainishwa kwa tupa, kidogo kidogo. Msitie mafuta ya kupikia wala ya gari. Yataungua na kutoa moshi. Unga wa risasi ya penseli unatosha kulainisha.

Kamba iliyokufa: hapa simameni kwanza. Kamba za majiko ya zamani mara nyingi zilifumwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta magonjwa mabaya ya mapafu, pamoja na saratani. Kama jiko ni la zamani na hapana ajuaye kamba yake ni ya nini, msiikwangue wala msiipige brashi. Mwambieni mwajiri alete mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuiondoa. Ikijulikana kwamba ni kamba ya nyuzi za kioo, fundi huitoa, husafisha mfereji, hutia simiti ya majiko, na kulaza kamba mpya ya unene ule ule. Isivutwe wakati wa kulazwa, kwa maana ikivutwa inakuwa nyembamba. Kisha mlango hufungwa, simiti ikaachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kabla ya kuwasha moto mdogo wa kwanza.

Mlango uliopinda: ukiwa wa bamba, fundi aweza kuunyosha. Ukiwa wa kasti, msiupige nyundo. Kasti haipindiki, hupasuka. Huo unataka mlango mwingine.

Na katika hali yo yote, msifunge mlango kwa waya. Siku sufuria itakapofurika au nguo ya mtu itakaposhika moto, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kufungua waya wenye moto.

KAZI YA NANI?

Ndugu, hapa ndipo penye shauri. Kukata kuni kwa kipimo kama ni kazi uliyopewa, kusafisha ukingo, kutazama alama ya chaki na kutoa habari: hayo mpishi aweza kuyafanya. Kununua pini, kamba na mlango, na kumlipa fundi, ni juu ya mwajiri. Hatuyatoi maneno haya vichwani mwetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mitambo na vyombo katika hali ya usalama. Sheria hiyo hiyo inatutaka sisi nasi tumwambie msimamizi wetu tukiona jambo ambalo kwa sababu za haki twaamini lina hatari kubwa au ya karibu. Na hatari hiyo ikiendelea, mwajiri hana ruhusa ya kutulazimisha kurudi mahali hapo kabla hajairekebisha. Tena, mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, nasi tuwe na wajumbe wetu ndani yake. Mlango wa jiko ni shauri la kamati hiyo hasa.

Na bei ya mlango je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata mshahara kwa uharibifu wa mali uliofanywa na mfanyi kazi kwa makusudi. Pini iliyolika kwa kufunguliwa mara mia kwa siku, miaka mingi, si makusudi ya mtu. Ni kazi imeila. Ndiyo sababu tumewafundisha kupima. Mwanachama akionyesha pini iliyolika, na akiwa na nakala ya barua yake ya miezi mitatu iliyopita, nani atasema alivunja mlango kwa kupenda?

Mtu akiungua, kwanza mwagieni jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake unga wala dawa ya meno. Kisha mwajiri apewe habari siku hiyo hiyo, hata kwa mdomo, kwa kuwa Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka aipeleke kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Jeraha lililofichwa ili kumpendeza msimamizi ni gumu kulipwa baadaye.

MAAGIZO YA KAMATI

Kabla ya mkutano ujao, kila jiko lifanye mambo matatu. Mlango upimwe kwa njia tulizozitaja. Ugonjwa uandikwe katika karatasi mbili: mahali ulipo, tarehe, na jina la msimamizi aliyepewa habari, moja ibaki kwake na moja aichukue mjumbe wetu wa kazini. Na waya, mawe na kuni za kuegemeza yaondolewe siku ile mlango utakapotengenezwa, yasionekane tena.

Jiko ambalo halitapata jibu, mjumbe alete karatasi yake kwa katibu wa tawi, nasi tutakwenda kuzungumza na mwajiri tukiwa na maandishi mkononi. Barua moja ya mpishi mmoja yaweza kupotea mezani. Karatasi za majiko yote, zikiwekwa mezani pamoja, hazipotei.

Tumesema. Mwenye swali asimame aulize, na mwenye mlango mbovu asiende nyumbani kabla hajaonana na mjumbe wake.